Pedi za maziwa: kabla hujanunua, tazama kamba yako ya kuanikia

Fundi alikiinua kile kitambaa cha duara, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Dada, hivi ni vya kushikia sufuria?" Nikamwambia hapana, ni vya kuzuia maziwa. Akadhani nasema maziwa ya jikoni. Ikabidi nimwoneshe kifuani kwangu, na kuna mteja mwingine amekaa pale anasubiri gauni lake. Fundi alipoelewa aliinamia cherehani yake na hakunitazama tena mpaka nilipomlipa.

Ndivyo nilivyopata jozi zangu kumi za pedi za kufua, mimba ya mtoto wa pili ikiwa na miezi minane. Kwa mtoto wa kwanza nilitumia za kutupa peke yake na nikajiapiza sitarudia. Nilirudia. Sasa nimenyonyesha wawili, nimetumia za kutupa na za kufua, na kila anayeniuliza ipi bora humrudishia maswali: nani atafua, kwa maji gani, na ataanika wapi?

Kwa ambaye ndiyo kwanza ana mimba, nieleze kidogo. Wiki za mwanzo mwili haujajua mtoto wako anataka maziwa kiasi gani, kwa hiyo unatengeneza tu. Mtoto akianza kunyonya, au ukisikia analia, hata kama anayelia ni wa jirani, ubongo unaachia homoni iitwayo oksitosini, na hiyo ndiyo inayoyasukuma maziwa yashuke. Inasukuma matiti yote mawili kwa wakati mmoja, ndiyo maana unanyonyesha la kushoto huku la kulia linachuruzika. Kwa wengi hali hii hupungua baada ya wiki sita hadi kumi hivi. Wapo wanaoendelea kuvuja, na wapo wasiovuja hata tone na maziwa wanayo tele. Rafiki yangu alinunua pakiti nne kabla ya kujifungua, hakuvuja kabisa. Pedi zake anazitumbukiza kwenye viatu vya mwanawe vikilowa mvua.

Sasa hesabu. Pakiti niliyokuwa nanunua ilikuwa na pedi 24, shilingi 12,000. Nilibadilisha jozi nne kwa siku, yaani pedi nane, kwa hiyo pakiti iliisha siku ya tatu. Hiyo ni shilingi 4,000 kila siku. Likizo ya uzazi kwetu Tanzania ni siku 84. Zidisha: 336,000, kwa kitu cha kulowana na kutupwa.

Sikuzifikisha hizo 336,000, kwa sababu nilianza kubana matumizi, na hapo ndipo nilipoharibu. Pedi za kutupa zina vipunje ndani vinavyonyonya maziwa na kugeuka kama jeli, kwa hiyo juu unaona kama pamekauka. Nikawa nakaa na jozi moja toka asubuhi hadi alasiri. Ndani kuna joto, kuna maziwa, na Dar es Salaam ya Januari mnaijua. Chuchu zikachubuka, kisha zikaanza kuwaka moto kila mtoto anaponyonya, na yeye mdomoni akawa na utando mweupe usiofutika. Kliniki wakasema ni fangasi, tukatibiwa wote wawili kwa pamoja, maana ukitibiwa mama peke yako mtoto anakurudishia. Nesi hakuilaumu pedi. Aliniuliza naibadilisha mara ngapi, nikadanganya, akajua.

Halafu kuna ujanja wa kukata pampasi, au pedi za hedhi, na kujiwekea vipande. Nao nimeujaribu. Ukishakata, vile vipunje vya jeli havina tena cha kuvizuia. Vilinigandia titi zima nikavipangusa kimoja kimoja na mtoto analia. Usifanye.

Kwa hiyo mimba ya pili nikaenda kwa fundi. Vipimo nilichora kwa kisahani cha kikombe cha chai, kikatosha vizuri. Upande wa kugusa mwili ni kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama unga. Katikati tabaka mbili za taulo jepesi, nje flaneli ya shuka za watoto. Hazina plastiki nyuma. Zinapitisha maziwa upesi kuliko za dukani, lakini titi linapumua. Zipo za kufua za dukani zenye utando usiopitisha maji, nzuri kwa kulinda nguo, ila kwa joto la huku mimi nilizivaa safari za saa moja au mbili tu. Kwa jozi kumi fundi alinitoza shilingi 20,000 na vitambaa vilikuwa vyangu. Siku tano za pedi za kutupa.

Kufua kwenyewe si kazi kubwa kama hutaziacha zigande. Suuza kwanza kwa maji ya baridi, kwa kuwa ya moto yanayapikia maziwa ndani ya kitambaa na alama haitoki. Kisha sabuni ya mche. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inaacha mafuta kwenye nyuzi na pedi inakataa kunyonya. Ukiwa na fangasi, zichemshe kila siku mpaka upone. Na zipige pasi pande zote mbili hata kama huna haraka ya kuzikausha, kwa ajili ya wale inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi, funza wake wakaingia kwenye ngozi. Mama zetu walipiga pasi nepi kwa sababu hiyo, na titi ni ngozi kama makalio ya mtoto.

Kazi iko kwenye kuanika. Mtoto wa pili alizaliwa masika, na nyumba yetu ni ya kupanga, uani kuna kamba mbili za kugombania wapangaji watano. Niliona aibu kuanika vile viduara mbele ya baba za watu. Nikawa navibana chini ya kanga, kanga ndiyo ionekane. Siku ya pili navishika, bado vibichi, na vimeanza kunuka maziwa yaliyochacha. Mama mkwe, aliyekuja kunihudumia hadi arobaini, alinitazama siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akaja uani, akaiondoa kanga, akavipanga viduara kimoja kimoja na vibanio vyake. "Mwanangu, jua halipiti kwenye kanga," akasema, akarudi kwenye mtori wake. Wapangaji hawakusema neno.

Lakini hata mama mkwe hana mamlaka juu ya mvua ya Aprili. Kulikuwa na wiki ambayo jua halikutoka kabisa na umeme ulikatika, pasi haikuwaka. Nilivaa pedi ambayo nilijua haijakauka sawasawa, na nikalisikia lile joto la mwaka ule linaanza tena kwenye chuchu. Jioni ile nilimtuma baba watoto duka la dawa akalete pakiti ya za kutupa. Nilichelewa kuelewa kwamba kidonda cha kwanza na hiki cha pili vina asili moja: kukaa na ubichi. Mara ya kwanza ubichi uliletwa na bei, mara ya pili na mawingu. Kama nyumbani hakuna maji ya kutosha, unanunua kwa dumu, au huna msaidizi na una mshono wa oparesheni, tumia za kutupa bila kujiona mvivu. Kama una jua na kamba, huna sababu ya kumpa mwenye duka shilingi 4,000 kila siku.

Za kutupa nazo zina adabu zake. Mama mkwe hakutaka kabisa ziende jalalani wazi. Kwake maziwa ya mtoto hayaachwi mahali yakachezewa na mbwa. Mimi imani hiyo sina, lakini nilizifunga kwenye gazeti kama alivyotaka, na jalala letu likawa safi zaidi. Chooni usitupe, wala cha kuvuta maji wala cha shimo. Ikikugandia kwenye kidonda usiivute, ilowanishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Na ule upande wenye gundi ni wa sidiria, jamani. Usiku wa manane mtu unakosea.

Kazini ndiko nilikozishukuru. Sheria ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku akamnyonyeshe mtoto. Mimi nafanya kazi Posta, katikati ya jiji, na nakaa Gongo la Mboto, pembezoni kabisa. Foleni ile nani ataikata kwenda na kurudi ndani ya saa mbili? Kwa hiyo saa tano asubuhi matiti yamejaa, na pedi mbichi ya kitambaa kuizungusha kwenye mkoba hadi jioni sikuiweza. Za kutupa ni nyembamba, hazionekani chini ya blauzi. Ukihisi maziwa yanashuka katikati ya kikao, kunja mikono kifuani ubonyeze kwa dakika moja hivi, yatasimama. Usifanye hivyo kila mara wiki za mwanzo, maziwa yakiziba utaumwa. Na kama una gauni la kitenge chenye maua mengi, livae Jumatatu, siku ambayo umekaa na mtoto wikiendi nzima na mwili umezoea ratiba yake. Blauzi ya rangi moja hufichua kila tone.

Titi likiwa gumu, jekundu, la moto, na una homa, hapo si suala la pedi tena. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uendelee kunyonyesha.

Wifi yangu anajifungua mwezi ujao, akaniuliza aweke ngapi kwenye begi la hospitali. Nimemwambia jozi mbili tatu za kutupa zinatosha, kwa sababu siku za mwanzo unatoa dang'a, yale maziwa ya kwanza, kidogo tu, maziwa yenyewe hushuka siku ya pili hadi ya nne. Nyumbani awe na jozi nane za kufua na pakiti moja tu ya akiba, akiona anavuja sana ataongeza. Jumapili alikuja kuchukua kisahani. Nilimtafutia na kanga moja kuukuu, akaikataa kwa sababu ya yale maandishi yake, akidai hawezi kumwekea mtoto mafumbo mdomoni. Nikamwambia akate upande usio na jina.