Msimwandike IU kama mgeni: kwa wadogo zangu mnaoanza kuchambua tamthilia za Kikorea

Nimemaliza kusoma rasimu za wadogo zangu mliojiunga na kundi letu mwaka huu. Karibu kila inayomhusu IU inaanza vilevile: mwimbaji nyota wa K-pop ajitosa kwenye uigizaji. Ajitosa lini? Huyu dada yuko kwenye tamthilia tangu Januari 2011, na wengine wenu wakati huo mlikuwa mnajifunza kusoma. Tamthilia yake When Life Gives You Tangerines (tutaiita Tangerines) ilipotoka Machi 2025, alikuwa na miaka 14 ya kazi hiyo. Ukimwita mgeni unamdhulumu yeye, na msomaji aliyekuamini unampoteza.

Nawapenda, ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya yote mahali pamoja badala ya kuwajibu mmoja mmoja usiku wa manane. Mnayoyajua yapiteni.

1. Fuateni miaka kabla ya kufuata umaarufu.

Anzeni Septemba 2008. Lee Ji-eun, ndiye IU kwa jina lake halisi, msichana wa miaka 15, anapanda jukwaa la M Countdown, kipindi cha muziki cha televisheni ya Korea, na wimbo ambao haukushika. Nyuma yake kuna kampuni nyingi za muziki zilizomkataa kwenye usaili, na familia iliyoyumba kifedha hadi yeye na mdogo wake wakaishi kwa bibi, mbali na wazazi. Anaendelea kutoa nyimbo hadi Desemba 2010, ndipo inakuja Good Day, ile ya noti tatu zinazopandiana mwishoni, na Korea nzima inajua jina lake. Mwezi unaofuata anaonekana Dream High, tamthilia ya kituo cha televisheni cha KBS.

Hapo ndipo mnapoteleza. Rasimu tatu zimesema Good Day ndiyo iliyompa nafasi Dream High. Fikirini kidogo, jamani. Tamthilia inayoanza kurushwa siku za mwanzo za Januari haiwezi kuwa inatafuta waigizaji Desemba. Alichaguliwa wakati bado ni mwimbaji wa kawaida. Wala hakupewa usteringi. Huo ulikuwa wa Suzy na Kim Soo-hyun. Yeye alikuwa Kim Pil-sook, binti mwenye sauti nzuri anayejificha, na kwenye sehemu za mwanzo alivalishwa mwili wa bandia ili aonekane mnene. Msichana wa miaka 17 anayeanza kuuza sura yake kwenye muziki anakubali kufichwa sura kwenye tamthilia. Hiyo ndiyo habari, na hakuna rasimu hata moja iliyoigusa.

2. Tazameni zile ndefu.

Najua hamtaki. You Are the Best, Lee Soon-shin ya mwaka 2013 ina sehemu 50, na mmoja wenu aliniuliza kama anaweza kusoma muhtasari. Hapana, mdogo wangu. Tamthilia ya wikiendi ya KBS ni shule. Inarushwa Jumamosi na Jumapili kwa karibu nusu mwaka, watazamaji wake ni familia nzima pamoja na akina bibi wanaojua kuigiza ni nini, na kijana anawekwa katikati ya wakongwe. IU aliwekwa kati ya Go Doo-shim, mama aliyemlea kwenye hadithi, na Lee Mi-sook, mwigizaji nyota anayegundulika kuwa ndiye aliyemzaa. Kwenye sehemu za mwanzo, wakongwe wakizungumza, utamwona anasubiri zamu yake ya kusema. Ukifika katikati, amekwisha kuanza kuwasikiliza. Ukishaona badiliko hilo kwa macho yako hutaandika tena kwamba alizaliwa na kipaji cha kuigiza. Alikwenda kazini kila wiki, akajifunza mbele ya nchi nzima.

(Go Doo-shim ni mzaliwa wa kisiwa cha Jeju. Nilipomwona IU akiishi kama binti wa Jeju kwenye Tangerines mwaka 2025, nilimkumbuka mama yule.)

3. Jina. Kwenye orodha za waigizaji mtamkuta mara nyingi kama Lee Ji-eun. Ni mtu yuleyule. Msije mkawafanya wawili.

4. Takwimu za watazamaji zina nchi yake.

Moon Lovers ya kituo cha SBS, mwaka 2016, IU akiwa Hae Soo. Ukiandika kwamba ilivuma, sema ilivuma wapi. Nyumbani Korea iliwekwa Jumatatu na Jumanne, usiku uleule wa Love in the Moonlight ya KBS, na ilipigwa vibaya. Nje ya Korea ikapendwa mpaka leo. Mimi mwenyewe nilimjua IU kupitia Hae Soo, na nimekutana na watu wengi wa Afrika Mashariki waliomjua hivyohivyo. Sehemu za mwanzo alilaumiwa sana, na lawama nyingine zilikuwa za haki, kwa sababu Hae Soo wa mwanzo anapiga kelele kuliko anavyohisi. Lakini mtazameni baada ya kuingia kasri na kuanza kupoteza watu. Anapungua maneno, na kila anapopungua maneno anakuwa bora. Shikeni hilo, mtalihitaji hapo chini.

Na steringi wa ile tamthilia iliyompiga alikuwa Park Bo-gum, ambaye miaka tisa baadaye ndiye Gwan-sik, mume wake kwenye Tangerines. Mnaopenda vichwa vya habari, hicho hapo, nimewapa bure.

5. Msihukumu tamthilia kwa tangazo na sehemu ya kwanza.

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa tuliumiza watu.

Mwanzoni mwa 2018 kituo cha tvN kilitangaza My Mister, ya Lee Sun-kyun na IU. Lee Sun-kyun amezaliwa 1975, IU amezaliwa 1993. Lee anaigiza Park Dong-hoon, mhandisi wa makamo mwenye mke na mtoto, IU anaigiza Ji-an, kibarua wa ofisini mwenye miaka 21. Korea kwenyewe malalamiko yalianza kabla haijarushwa: mzee na binti tena? Sehemu ya kwanza ikatoka tarehe 21 Machi, na ndani yake mdai wa madeni anampiga yule binti. Malalamiko yakaongezeka. Kundi letu wakati huo lilikuwa dogo na lenye hasira nyingi. Tukaandika. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Tukasema hadithi hii inapamba mapenzi ya mzee na msichana, kwamba IU ametumiwa vibaya, kwamba wasomaji wetu waiache. Uchambuzi ule ulisambazwa kuliko chochote tulichowahi kuandika. Kisha tukanyamaza, tukahamia tamthilia nyingine, na My Mister ikaendelea bila sisi mpaka katikati ya Mei.

Karibu na mwisho wake tukapata ujumbe wa dada mmoja, muuguzi wa zamu za usiku. Alikuwa amemlea bibi yake tangu akiwa shule. Hakutukana. Aliuliza tu: hayo mapenzi mliyaona sehemu ya ngapi, maana mimi nimefika ya 14 na sijayaona. Akasema Ji-an ndiye mtu wa kwanza kwenye tamthilia yoyote aliyemwona amechoka kama yeye.

Tulikaa na swali lile bila jibu. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyetazama zaidi ya sehemu ya kwanza.

Basi nikazitazama zote 16. Nikamkuta binti anayebeba vijipakti vya kahawa ya ofisini na kuvinywa usiku kama chakula. Bibi yake ni kiziwi, hawezi kutembea, na anatamani kuuona mwezi. Ji-an anampakia kwenye kitoroli cha dukani na kumsukuma barabarani mpaka wanauona. Anaweka programu ya kunasa sauti kwenye simu ya Park Dong-hoon kwa sababu amelipwa ili ammalize kazini, na kuanzia hapo sehemu kubwa ya uigizaji wa IU ni kusikiliza. Ana spika masikioni. Anasikia hatua za mtu akipanda ngazi, anasikia pumzi ya mtu aliyelemewa, anasikia jinsi anavyoongea na kaka yake na mdogo wake, na polepole uso unabadilika bila neno. Hakuna busu linalosubiriwa. Kuna watu wawili waliochoka, mmoja amemjua mwenzake kwa kumsikia akipumua.

Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hadi leo natamani mkiandike vizuri kuliko mimi. Sisi tulikuwa tukisema uimbaji unamsaidia mtu kuigiza kwa sababu amezoea jukwaa na kamera. Kwa IU naona vingine. Mwimbaji aliyekaa studio miaka kumi anajua pumzi ya mtu ina habari gani, anajua pale sauti inapotaka kukatika kabla haijakatika. Kim Won-seok, mwongozaji, alimpa mhusika ambaye kazi yake ni hiyo. Sauti yake ya kuimba haimo kabisa ndani ya tamthilia ile, ila sikio lake limo kila mahali.

Tuliandika masahihisho, tukaomba radhi, tukayaweka juu kabisa. Yalisomwa na wachache mno ukilinganisha na uchambuzi wa kwanza. Lee Sun-kyun alipofariki Desemba 2023, kaka mmoja aliniandikia kwamba ndiyo kwanza ameanza kuitazama, kwa msiba, na kwamba aliikwepa miaka yote ile kwa sababu ya maneno yetu. Nilimjibu pole na asante. Sikuwa na lingine.

Kwa hiyo mkiniletea rasimu ya tamthilia yenye sehemu 16 nikaona mmetazama moja, nitaikataa, na msininunie.

6. Angalieni nani anaongoza.

Kim Won-seok huyohuyo alimpa Im Si-wan, mwimbaji wa kundi la ZE:A, nafasi ya Jang Geu-rae kwenye tamthilia ya Misaeng, mwaka 2014, kijana anayeingia ofisini bila cheti cha maana. Miaka minne baadaye akamchukua IU kwa My Mister. Mwaka 2025 akamrudia kwa Tangerines. Hapo mna mwongozaji anayejua kuwapunguza waimbaji: anawaondolea vipodozi, anawapa mizigo ya kubeba, anawanyima nafasi ya kupendeza. Ukiandika kuhusu mwimbaji anayeigiza bila kumtaja mwongozaji na mwandishi wa skripti, umeandika kuhusu nywele zake.

My Mister ndiyo iliyomfikisha kwa Kore-eda pia. Mwongozaji yule Mjapani aliitazama, akamwita kwenye filamu yake Broker, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes Mei 2022, ambako Song Kang-ho alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Ndani yake IU ni So-young, mama aliyemwacha mtoto kwenye sanduku linalowekwa kupokea watoto wachanga wanaoachwa. Kuna pale anapozima taa ya chumba cha hoteli na kuwaambia wenzake, mmoja baada ya mwingine, asante kwa kuzaliwa. Gizani. Unamjua kwa sauti tu.

7. Tuzo. My Mister ilichukua tamthilia bora ya Baeksang, tuzo kubwa za Korea za tamthilia na filamu, mwaka 2019, Tangerines ikachukua 2025. Yeye mwenyewe hakuchukua mwigizaji bora wa kike mwaka wowote kati ya hiyo miwili. Msimzawadie tuzo ambazo hakupewa, hazihitaji.

8. Muziki haukusimama, kwa hiyo msiandike kwamba "ameacha kuimba." Mwaka uleule wa Cannes, mwezi Septemba, alijaza Uwanja wa Olimpiki wa Seoul usiku mbili mfululizo, msanii wa kwanza wa kike wa Korea kufanya tamasha lake mwenyewe pale. Mwaka 2024 alizunguka dunia na ziara ya HEREH na kuimalizia kwenye Uwanja wa Kombe la Dunia, Seoul. Andikeni kalenda yake ya mwaka mmoja ukutani muone.

9. Hotel del Luna, 2019: ndiyo, mavazi ni mazuri. Aya moja ya mavazi inatosha.

10. Sasa Tangerines, ambayo wote mmeichagua.

Mmeandika kwamba anaigiza nafasi mbili, Ae-sun akiwa kijana na Geum-myeong binti yake, mkaishia hapo, kana kwamba kuhesabu ndiyo kazi. Rudini mkaitazame kwa swali moja. Ae-sun akizeeka, anaigizwa na Moon So-ri. Geum-myeong akikua, anaigizwa na IU. Kwa hiyo mama na binti wanapogombana jikoni, IU anamjibu kwa ukali mwanamke ambaye saa chache zilizopita alikuwa yeye mwenyewe, yule aliyetaka kuandika mashairi na kwenda shule na hakuvipata. Binti anayesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul anamfokea mama aliyeuza ndoto zake ili yeye afike huko, na uso wa binti ndio uleule wa mama akiwa na umri ule. Moon So-ri naye amechukua kwa IU namna ya kuinua kidevu akikasirika. Tafuteni pale wanapofanana bila kusema, halafu pale ambapo Geum-myeong anakataa kufanana. Ae-sun analia kwa sauti, mwili mzima. Geum-myeong analia akiwa amegeuka pembeni, kama mtu aliyelelewa na watu waliochoka na hataki kuwaongezea mzigo. Mtu mmoja anatoa machozi ya aina mbili, na hakuna aliyeniandikia hilo.

Zilitoka sehemu nne nne kila wiki, 16 kwa jumla, kuanzia tarehe 7 hadi 28 Machi. Ukiacha kazi nyingine, wikiendi moja inakutosha kuzirudia. Rasimu mpya nazitaka Jumatatu, na neno "ajitosa" lisiwemo.