B- na uuguzi Maseno: piga hesabu kwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama B- ya pointi 54 katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, itakufikisha uuguzi Chuo Kikuu cha Maseno, au ukae nyumbani Kisumu mwaka mzima. Usitazame gredi peke yake. KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo Kenya, huangalia masomo manne ya klasta, yaani yale yanayohusiana na kozi unayotaka. Jumlisha pointi zako za hayo manne, gawanya kwa 48, ambayo ndiyo ya juu kabisa. Halafu 54, jumla yako yote, gawanya kwa 84, jumla ya juu kabisa. Zidisha majibu hayo mawili, bonyeza √ kwenye kikokotoo, kisha zidisha kwa 48. Ukiwa na 32 katika hayo manne, unapata kama 31.4. Linganisha na alama ya mwisho iliyoingiza watu kozi hiyo mwaka jana, iko kwenye tovuti yao. Kwa 31 nahofia uuguzi utakupita, kwa hivyo weka pia afya ya jamii kati ya chaguo zako.

Kukaa nyumbani, jamani, fikiria sana. Dada yangu alikaa. Miezi miwili alisoma kila jioni, kisha kazi ya kibanda cha shangazi pale soko la Kibuye ikammaliza muda. Siku moja nilikuta kitabu chake cha kemia chini ya gunia la omena, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Iliniuma.

Ukikaa, basi jisajili mapema kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Niandikie hapa pointi zako za biolojia, kemia, hesabu na Kiingereza, tupige hesabu pamoja leo jioni.