Mchezaji mstaafu kushika maiki: inawezekana, ila ujue unaingia wapi

Mdogo wangu wa Wete umeuliza kama beki aliyetundika njumu anaweza kutangaza mpira redioni bila kusomea. Anaweza, ila kazi ziko mbili. Mtangazaji anaufuata mpira, mchambuzi anadokoa nafasi aeleze goli limeingiaje. Sisi tuliocheza wengi wetu tunaishia hiyo ya pili. Hata Ally McCoist, pamoja na mabao yote aliyoifungia Rangers ya Uskochi, anakaa pembeni ya mtangazaji. Gary Lineker, mshambuliaji wa zamani wa England, ni habari nyengine: alikuwa mwendesha kipindi, na BBC walimwachia kipindi chao cha mpira, Match of the Day, kuanzia 1999 hadi 2025.

Mimi nimecheza beki wa kushoto hapa Pemba, sasa nachambua redioni mechi za uwanja wa Gombani. Tatizo letu ni macho. Mpira uko kwa winga, mimi namtazama beki wa kati aliyeacha uwazi nyuma yake. Kwenye TV haina neno, watu wanaona wenyewe. Redioni, mvuvi wa Wesha anashona nyavu zake na hajui mpira uko goli gani. Mwenzangu ninayekaa naye hajawahi kucheza hata ndondo, lakini mpira ukikaribia boksi ananibana goti ninyamaze. Matokeo na dakika anazirudia mpaka unachoka, kwa sababu kuna mtu kafungua redio sasa hivi.

Majina nayo yana kazi yake. Kombe la Mapinduzi la 2025 lilichezwa Gombani kwa timu za taifa, na Zanzibar Heroes wetu wakaichapa Burkina Faso 2-1 fainali. Majina kama yale huyabahatishi: unamfuata mtu wa timu yao kabla ya mechi, akutamkie, unaandika unavyosikia.

Halafu kisiwa chenyewe hichi! Ukimsema kipa mchana, jioni uko naye barazani, au yuko mjomba wake. Ndio maana wastaafu wengi kila kosa kwao ni "bahati mbaya". Mimi nasema katoka golini kachelewa, basi. Simwiti mzembe.

Pesa usizihesabu mapema. Pengine ni nauli na soda. Wewe anza na simu: rekodi mechi ya mtaani kwenu, mpe mtu ambaye hakwenda, umuulize nani kafunga na kwa mguu gani. Akibabaika, wiki ijayo tena.