Kabla Mashine Haijawashwa Tena

Mashine ikimuumiza mtu kazini, majeruhi kwanza. Zima umeme, mtoe, mpe huduma ya kwanza, gari liondoke. Hilo halina mjadala. Ninachotaka kuzungumzia ni saa moja inayofuata, maana ndiyo inayoharibu kesi nyingi za fidia.

Nilikaa miaka kadhaa katika kamati ya usalama ya kiwanda kimoja Industrial Area, Nairobi. (Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inaitaka kamati hiyo popote penye wafanyakazi 20 au zaidi, ingawa katika viwanda vingine ni majina tu ukutani.) Gari likishatoka getini, supavaisa huita vijana wenye ndoo na fagio, na fundi huagizwa afunge kinga (kifuniko cha usalama) ambayo haijaonekana kwenye mashine tangu mwaka jana. Si lazima supavaisa awe na nia mbaya. Ana oda inayomsubiri. Lakini mkaguzi akija anakuta mashine inang'aa, na aliyeumia ndiye anayeitwa mzembe.

Kwa hiyo funga swichi kuu kwa kufuli, ufunguo ushikwe na mtu mmoja anayejulikana. Piga picha kabla hujagusa kitu: kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Swichi zimekaaje? Matundu ya boli za kinga yana boli? Kibao cha namba ya mashine nacho kipige.

Chuma kilichovunjika ndicho kinachoharibiwa upesi zaidi. Winchi yetu iliwahi kuangusha mzigo baada ya shafti kukatika, na fundi akaokota vipande akitaka kuvirudishia aone vinavyokaa. Tulimzuia. Chuma kilichochoka polepole, yaani ufa umekua kidogo kidogo, mara nyingi huacha sehemu laini yenye mistari kama ya mawimbi mchangani, kisha sehemu ya chengachenga pale kilipoachia. Kilichozidiwa mzigo kwa mara moja hakina mistari hiyo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya "alipakia kupita kiasi" na "ufa ulikuwepo siku nyingi, hakuna aliyekagua". Ukisugua vipande, unafuta ushahidi huo. Usivipake mafuta wala kuvipiga brashi. Kila kimoja kifungwe peke yake, pakavu, na lebo ya tarehe, mahali na aliyekiokota. Visiwekwe stoo pamoja na spea. Stoo nyingi zina njia yake ya kwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Video za kamera hujifuta zenyewe, ziombe siku hiyo hiyo. Piga picha kitabu cha matengenezo. Mashahidi waandike kila mtu peke yake, kabla ya chai.

Kukiwa na kifo, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa usalama kazini wa eneo ndani ya saa 24, na kupeleka notisi ya maandishi ndani ya siku 7. Dai la fidia chini ya WIBA, sheria ya fidia kwa walioumia kazini, lipelekwe ndani ya miezi 12.

Bosi akisisitiza kazi iendelee, mwombe kifungwe kipuri kipya na cha zamani kihifadhiwe, nyote wawili mtie sahihi. Akikataa, mtumie ombi hilo hilo kwa WhatsApp, ili tarehe na saa vibaki.