Sindano ya pepopunda kwa mjamzito haileti usonji: ule "utafiti wa Marekani" unasemaje hasa

Dada, umeuliza kama uache sindano ya pepopunda kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp unaodai Wamarekani wamethibitisha kuwa chanjo za wajawazito zinaleta usonji (autism), yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia za mtoto. Utafiti upo, ila haukuhusu pepopunda. Ulihusu chanjo ya mafua huko California, watoto 196,929 waliozaliwa 2000 hadi 2010, ukachapishwa 2017. Kwa ujumla chanjo haikuonekana kuongeza usonji. Kipande kilichokatwa na kusambazwa ni cha mama waliochanjwa miezi 3 ya mwanzo ya mimba, ambao kwa watoto wao usonji ulikuwa juu kwa asilimia 20 kuliko kwa watoto wa wasiochanjwa. Hapo soma taratibu. Watafiti walipima dhana 8 kwa mpigo, na ukipima mengi hivyo, moja linaweza kujitokeza kwa bahati tu. Waliporekebisha hesabu kwa sababu hiyo, tofauti ile haikusimama, na wenyewe waliliandika hilo wazi. Wanaosambaza ujumbe hawafiki mstari huo.

Sweden wakachapisha yao 2020, kuhusu chanjo ya mafua ya nguruwe. Watoto 39,726 mama zao walichanjwa wakiwa na mimba yao, 13,845 kati yao miezi 3 ya mwanzo, wakafuatiliwa wastani wa miaka 6.7. Usonji ulikuwa asilimia 1.0 kwao, na 1.1 kwa ambao mama zao hawakuchanjwa.

Inayokaribiana na sindano yako ni ya pepopunda, dondakoo na kifaduro. Utafiti wa California wa 2018, watoto 81,993, ulikuta usonji uko chini kidogo kwa watoto wa mama waliochanjwa. Mimi nisingesema chanjo inazuia usonji. Mama anayechanjwa na asiyechanjwa hutofautiana kwa mengi, na takwimu haziyafuti yote.

Sasa sindano yenyewe. Ni nusu mililita kwenye msuli wa mkono, juu karibu na bega. Kama hujawahi kuchanjwa, ya kwanza unapata unapoanza kliniki, ya pili baada ya wiki 4, na isipungue wiki 2 kabla ya kujifungua. Wanaochelewa hukosea hapa, maana kingamwili zinahitaji muda kutengenezwa na kuvuka kondo la nyuma. Una kadi ya mimba iliyopita? Ibebe. Dozi za zamani zinahesabiwa, hazianzwi upya hata kama tarehe imepita. Mkono utauma siku moja mbili. Homa ikija, parasetamoli, si diklofenaki wala ibuprofeni.

Unachokikwepa ni pepopunda ya mtoto mchanga: mtoto ananyonya vizuri siku 2 za mwanzo, halafu kuanzia siku ya 3 mdomo unakaza, hawezi kunyonya, mwili unakakamaa akiguswa tu. Vimelea hupitia kitovu.

Chanjo ya kusubiri ni ya surua-rubella, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ichomwe baada ya kujifungua, au angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Aliyechomwa bila kujua ni mjamzito hana sababu ya kutoa mimba. Rubella yenyewe ndiyo inayoharibu masikio, macho, moyo na ubongo wa mtoto tumboni.