Dawa ya kupaka mdomoni kwa mgonjwa aliye ICU

Pole sana dada kwa kuuguliwa na baba. Umeuliza kwa nini huko Uholanzi wanampaka antibiotiki mdomoni wakati alilazwa kwa kiharusi tu. Hiyo ni kinga. Mgonjwa wa mashine ya kupumulia hamezi wala hakohoi vizuri, kwa hiyo bakteria wa mdomoni na tumboni huingia hadi kwenye mapafu na kuleta nimonia. Dawa yenyewe ni nzito kama uji wa mgonjwa: antibiotiki mbili, kolistini na tobramaisini, pamoja na dawa ya fangasi. Nyingine hupitishwa kwenye mpira wa puani hadi tumboni.

Uholanzi wameizoea. Utafiti wao wa 2009, wagonjwa karibu 6,000, ulionyesha vifo kupungua kidogo. Ule wa Australia wa 2022 haukuthibitisha hivyo. Wengine wanaogopa usugu wa dawa, yaani bakteria kuzoea dawa zisiwaue tena, na penye usugu mkubwa naona wana haki.

Ningekuwa wewe nisingeikataa. Muulize daktari kama wanapima sampuli za kooni na za njia ya haja kubwa mara kwa mara, na lini wanatarajia kumtoa kwenye mashine. Hilo la pili ndilo la kung'ang'ania.