Barua kwa Mwanangu Sajini: Kumtoa Askari Jasho au Kumwandikia

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma kwa makini, na nimefurahi kwamba uliuliza kabla ya kutenda. Unasema una askari mmoja kijana anayechelewa gwaride la asubuhi, umekwisha kumwonya kwa mdomo, naye bado anachelewa. Masajini waliokutangulia wanakushauri umpeleke nyuma ya jengo, umpigishe pushapu na kumrusha kichura mpaka fulana ilowe, kisha mambo yaishe papo hapo, kwa kuwa, wanavyodai, kumwandikia fomu ya ushauri ni kumharibia kazi. Unataka kujua ipi kati ya njia hizo mbili ina huruma zaidi. Mimi niliyeitumikia sare hiyohiyo ya Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kabla yako nakujibu bila kuzunguka kwamba fomu ndiyo yenye huruma, mradi iandikwe na mtu anayetaka askari wake afaulu.

Nianze na sheria, kwa sababu wengi hunukuu nusu yake. Kanuni ya AR 600-20, inayohusu mamlaka ya uongozi jeshini, inakuruhusu kumpa askari mafunzo ya kurekebisha kasoro, hata baada ya saa za kazi. Lakini inataka mafunzo hayo yahusiane moja kwa moja na kasoro yenyewe, na yakome pale kasoro inapokwisha. Aliyeacha bunduki chafu hufundishwa kuisafisha, akaisafisha tena mbele yako mpaka uridhike. Anayechelewa anaweza kuamriwa aripoti mapema kuliko wenzake kwa muda. Sasa niambie, baba, pushapu zitamfundisha nini mtu aliyeshindwa kuamka? Kweli, kanuni hiyohiyo inakubali mazoezi mafupi kwa makosa madogo, hata pushapu chache kwa aliyechelewa gwaride, mradi yasiwe uonevu wala adhabu isiyo halali. Lakini kumchosha mtu mpaka fulana ilowe si zoezi fupi tena, hiyo ni adhabu, na adhabu haimo mikononi mwa sajini. Ni ya kamanda, chini ya Ibara ya 15 ya sheria ya kijeshi, ambako askari ana haki ya kuelezwa tuhuma, kujitetea na kukata rufaa, na anaweza hata kuikataa njia hiyo akadai mahakama ya kijeshi. Anayemtoa kijana jasho nyuma ya jengo humnyima yote hayo kwa dakika chache, na kanuni imekataza waziwazi mafunzo kutumiwa kama mlango wa kukwepa kinga hizo.

Halafu kuna mwili wa mtu. Mazoezi ya kupindukia, hasa kwenye joto na kwa mtu ambaye hajayazoea, huweza kuvunjavunja misuli, na mabaki yake yakiingia kwenye damu huziumiza figo. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, na asiyefikishwa hospitali mapema anaweza kufa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa waliorithi chembe za selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na wewe unajua ni wangapi kati yetu tuliotoka Afrika tulio hivyo bila dalili yoyote. Kwenye mazoezi ya kawaida ya kikosi kuna mpango, kuna maji, kuna mapumziko. Nyuma ya jengo kipimo ni hasira ya anayeamrisha.

Usiniambie kwamba natia chumvi. Tarehe 3 Oktoba 2011, katika mkoa wa Kandahar nchini Afghanistan, Praiveti Danny Chen, kijana wa miaka 19 kutoka New York, mtoto wa wahamiaji wa Kichina, alikutwa amekufa kwa risasi kwenye kituo cha lindo, na jeshi likasema alijiua. Uchunguzi ulieleza mazoezi ya kumchosha kupita kiasi, matusi ya asili yake, na usiku aliotolewa kitandani akaburutwa juu ya kokoto kwa sababu hakuzima mtambo wa kupasha maji ya kuoga. Askari wanane wa kikosi chake walishtakiwa, mmoja wao akiwa ofisa. Ninachotaka ukitazame hapo ni udogo wa kosa. Mtambo wa maji! Mambo ya aina hiyo huanza na watu wanaoamini kwamba wanamrekebisha mwenzao, na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, hakuna wa juu anayejua mpaka siku ya msiba. Wewe pia ni mtoto wa wahamiaji, na katika kikosi chako watakuwamo vijana ambao lafudhi yao au jina lao litawafanya waonekane wazito wa kuelewa. Hao ndio wa kwanza kutolewa jasho.

Kuna hoja moja ya masajini wenzako ambayo imeniuma kuliko nyingine, ile ya kwamba watu wengine hawaelewi ila maumivu. Hoja hiyo kwetu ni ya zamani mno. Wajerumani walikuja nayo Tanganyika pamoja na hamsa ishirini, viboko 25 vya ngozi ya kiboko. Waingereza waliwafutia askari wao wenyewe viboko mwaka 1881, lakini askari wa Keya, jeshi lao la Waafrika wa Afrika Mashariki, waliendelea kuwa chini ya sheria iliyoruhusu kuchapwa hadi katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, miaka ileile walipokuwa wakipelekwa Burma kuifia himaya, na waliotetea viboko hivyo walisema kwamba Mwafrika haelewi lugha nyingine. Najua pushapu si kiboko, na sitaki kuwaonea wenzako kwa kuwafananisha na wakoloni. Lakini unapoanza kuamini kwamba aliye chini yako haelewi maneno, umekwisha kuacha kuyatafuta maneno. Meja Jenerali John Schofield aliwaambia makadeti wa West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, mwaka 1879 kwamba nidhamu ya kuaminika vitani haipatikani kwa ukali wa kidhalimu, na masajini wengi wa Marekani wameyakariri maneno yake kwa ajili ya baraza la kupandishwa cheo. Ningependa wayakumbuke pia saa kumi na mbili asubuhi, kijana anapofika amechelewa.

Sasa hiyo fomu yenyewe, DA 4856. Inakutaka uandike sababu ya mazungumzo, mambo makuu mliyozungumza, na mpango wa utekelezaji wenye hatua zinazopimika. Kisha inamwachia askari nafasi ya kusema kama anakubali au anakataa, na kuandika maneno yake mwenyewe. Na inakutaka wewe uandike wajibu wako katika mpango huo, halafu baadaye mrudi pamoja kuutathmini. Hakuna pushapu inayompa kijana nafasi ya kujibu, wala inayomdai sajini chochote. Kuhusu kuharibiwa kazi, fomu hiyo kwa kawaida hukaa kwenye faili la kikosi, haiingii katika kumbukumbu zake za kudumu, na desturi ni kuiteketeza anapohamia kikosi kingine.

Hata hivyo, wenzako hawakosei kabisa wanapoiogopa karatasi. Wapo viongozi wanaoandika fomu juu ya fomu kwa lugha ya kunakili, wakimjazia mtu faili ili afukuzwe, kwa kuwa kanuni za kumwachisha askari kwa utendaji mbaya zinadai kwanza awe ameshauriwa rasmi na kupewa nafasi ya kujirekebisha. Kijana anaitwa, anaonyeshwa pa kutia saini, anatoka. Huo nao ni ukatili, na mimi siutetei. Utaujua kwa kusoma sehemu ya wajibu wa kiongozi: ukikuta imeandikwa sentensi moja tupu, jua kwamba aliyeandika hakuwa na nia ya kumsaidia mtu.

Kwa hiyo kabla hujashika kalamu, kaa naye, faragha, bila haraka, umuulize kwa nini anachelewa, kisha unyamaze mpaka ajibu. Huenda halali kwa deni la gari, huenda mkewe ana mtoto mchanga, huenda anakunywa, huenda ni mvivu tu. Kila jibu lina mpango wake, na mpango wa mlevi haumfai mwenye mtoto mchanga. Ndipo uandike, kwa maneno yako, saa atakayoripoti, kwa muda gani, nani atampigia simu, na wewe utafanya nini; nawe usikose kulitimiza lako. Siku ya tathmini iandike kwenye kalenda yako mbele yake. Akizidi kuchelewa baada ya hapo, mpeleke kwa sajini wako wa platuni ukiwa na fomu hiyo mkononi, na shauri litakuwa limefika panapostahili.

Niandikie alichojibu ulipomuuliza. Kama ni shida ya mtoto mchanga, nami nina la kukuongezea.

Mama yako akupendaye.